Majibu ya Kununua: Neno kwa Wanaojiandaa kwa Usaili wa Kifaransa



Bidhaa mpya imeingia Saltley. Hutaiona ikipangwa pamoja na mihogo na bamia kwenye maduka ya Alum Rock Road, wala haipimwi kwa mizani. Ni bahasha ya karatasi zilizotolewa fotokopi: maswali upande mmoja, majibu upande wa pili, yote kwa Kifaransa, na chini ya kila jibu pameandikwa namna ya kulitamka kwa herufi zetu, "zhe swi", "zhe vudre", na kadhalika. Muuzaji humwambia mnunuzi: "Kariri hizi tu, siku ya usaili huwezi kushindwa." Watanzania waliopita vyuoni wangeiita desa. Wakenya wangeiita mwakenya. Mimi naiita utapeli, na nimeomba nafasi katika jarida letu nieleze kwa nini.

Nieleweke mapema. Sina neno na mtu anayetaka kuhama. Sote humu tulihama, na hakuna aliyekuja na Saltley mgongoni. Panda basi namba 94 alfajiri uone nani wamekaa ndani: muuguzi wa Bukavu anakwenda kufagia ofisi, mhasibu wa Bujumbura anakwenda kubeba maboksi. Mei 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza nia ya kurefusha muda wa kusubiri ukaazi wa kudumu kutoka miaka 5 hadi 10 kwa wahamiaji wengi. Mtu aliyechoka akisikia hayo, kisha akasikia kwamba Kanada wanatafuta watu wenye ujuzi na Kifaransa, atageuza shingo. Nani atamlaumu? Ninayemlaumu ni yule anayekaa njiani pa mtu huyo, akamuuzia ufunguo wa udongo.

Wauzaji hao wananeemeka kwa sababu wengi wetu hatuujui mlango wenyewe ulivyo. Basi tuanze na mlango.

Jimbo la Quebec lina mkataba na serikali kuu ya Kanada, uliotiwa saini mwaka 1991, unaolipa haki ya kujichagulia wahamiaji wa kazi. Kwa miaka mingi mwombaji aliweza kuitwa mbele ya ofisa wa uteuzi. Faili lipo mezani, ofisa anasalimia kwa Kifaransa, anauliza habari za masomo, kazi, ndoa, watoto, fedha na mipango. Katikati ya mazungumzo anageukia Kiingereza ili akipime nacho, halafu anarudi kwenye Kifaransa kana kwamba hakuna kilichotokea. Alama zilitoka pale pale mezani. Tangu Desemba 2011 Quebec ikaanza kudai matokeo ya mitihani inayotambulika ya Kifaransa. Mwaka 2018 maombi yakahamia kwenye mfumo wa mtandao uitwao Arrima, na Novemba 2024 mpango wa zamani wa wafanyakazi wenye ujuzi ukapokewa na mwingine unaofupishwa PSTQ. Katika mkondo wake wa watu wenye ujuzi wa juu, Kifaransa cha kuzungumza sharti kifike daraja la 7 katika ngazi ya madaraja 12. Serikali kuu ya Kanada nayo, tangu 2023, imekuwa ikiwaita wenye Kifaransa katika kundi lao, kwa ajili ya majimbo yaliyo nje ya Quebec.

Sasa mtu atasema: ikiwa ni mtihani, si ndiyo nafuu zaidi ya kukariri? La hasha. Ofisa bado ana mamlaka ya kumwita mwombaji na kumhoji kuhusu faili lake. Na hata asipokuita, mtihani wenyewe unakuweka ana kwa ana na binadamu. Ule wa TCF Canada una sehemu ya kuzungumza ya dakika 12, yenye kazi tatu, na mbili kati ya hizo hupewi hata dakika moja ya kujiandaa. Ule wa TEF Canada una dakika 15: kwanza unapewa tangazo, unapiga simu ya kuigiza na kuuliza maswali juu yake, kisha unamshawishi rafiki akubali jambo fulani. Huyo rafiki ni mtahini, na kazi yake ni kukupinga. Utamwambia nini akikwambia hana nafasi, hana fedha, na mkewe hataki? Bahasha haikutaja mke. Liite usaili, liite mtihani, mwisho wa safari ni mtu mmoja anasikiliza na mwingine anasema.

Nilisoma sekondari Bujumbura, na kwa sababu hiyo majirani huniletea karatasi zao niwasahihishie matamshi. Bahasha tatu zimepita mikononi mwangu, kutoka kwa watu watatu wasiofahamiana. Majibu yalikuwa yale yale. Kwa nini Quebec? Kwa sababu ya usalama, maisha bora, na uzuri wa theluji. Wote watatu wanaipenda theluji! Watu hao hao ambao Novemba ikiingia hapa Birmingham hufunga madirisha kwa mablanketi. Wote watatu wana ndoto ya kufungua biashara ndogo baada ya miaka mitano. Wote wanapenda filamu za Kifaransa na kuteleza kwenye barafu.

Mmoja wao ni dereva wa lori, mtu wa makamo, hodari wa kazi yake. Alinisomea ukurasa mzima wa theluji bila kituo. Aliponyamaza nikamuuliza kwa Kifaransa: gari lako lina magurudumu mangapi? Akanitazama. Nikamuuliza: likiharibika usiku barabarani, unafanya nini kwanza? Akashika paji la uso. Ndugu zangu, yule mtu anajua habari ya lori kuliko ofisa yeyote atakayekutana naye. Angeweza kuzungumza saa nzima juu ya breki, mizigo, usingizi na bosi asiyelipa kwa wakati. Hayo ndiyo maisha yake, na ndiyo ambayo angeulizwa. Lakini fedha yake na miezi yake mitatu aliitumia kujifunza maisha ya mtu mwingine, mtu asiyekuwepo duniani, anayependa barafu.

Hapo ndipo ulipo ubaya wa bahasha hizi. Hazimfundishi mtu Kifaransa kibaya. Kifaransa chake mara nyingi ni sahihi, na ndiyo maana kinamsaliti. Mtu anayesema sentensi ndefu iliyonyooka kuhusu "ubora wa maisha", halafu akashindwa kusema amefikaje pale asubuhi hiyo, amejishitaki mwenyewe. Ofisa amesikia sentensi ile mara nyingi mno. Amewasikia wengine kumi wakiisoma kwa pumzi ile ile, wakipandisha sauti mahali pale pale. Akimkatiza katikati, mkariri hurudi mwanzo kama mtoto wa madrasa aliyepotea kwenye aya. Asemaye yake husimama popote akaendelea popote.

Na sisi Waswahili wa nchi hii hatuna haja ya kufunzwa na Wakanada kwamba lugha yaweza kufanywa lango. Tuliliona lango hilo hapa hapa Uingereza, tena kwa lugha yetu wenyewe. Ndugu zetu Wabajuni waliokuja kuomba hifadhi, wakisema wametoka visiwa vya kusini mwa Somalia, walikuta Wizara ya Mambo ya Ndani inataka kusikia ulimi wao. Walizungumza kwa simu, sauti ikarekodiwa, na kampuni ya Sweden iitwayo Sprakab ikatoa ripoti: huyu ni wa huko, au huyu ni wa Kenya. Kibajuni hakikuumbwa na mpaka wa Kenya na Somalia. Kilikuwepo kabla haujachorwa. Lakini mtu aliyekulia Chula, akakimbilia Mombasa, akakaa miaka na Wamombasa, akichanganya maneno, mchanganyiko huo uliweza kugeuzwa ushahidi dhidi yake. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya watu wawili waliosema ni Wasomali, ilibidi iwakumbushe wataalamu hao wasivuke mipaka ya utaalamu wao: wapime lugha, wasijifanye mahakimu wa ukweli wa mtu.

Naisema habari hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, asinione mtu kwamba nawatetea wenye malango. Lango la lugha limewaumiza watu waliokuwa wakisema kweli tupu. Pili, tujue masikio yaliyo upande wa pili yamezoezwa kutafuta mshono. Ikiwa msema kweli aliweza kuangushwa kwa maneno machache aliyoyaokota Mombasa, ataponaje yule ambaye jibu lake zima limeshonwa na mtu mwingine?

Tuje kwenye gharama. Sizungumzii bei ya bahasha, ingawa kwa mtu wa mshahara wa chini nayo ni chakula cha watoto. Sheria ya uhamiaji ya Kanada inasema anayetoa maelezo ya uongo, au anayeficha jambo la msingi, anaweza kufungiwa asiingie kwa miaka 5. Zamani ilikuwa miaka 2, ikaongezwa mwaka 2014. Bahasha nilizoziona hazina majibu ya theluji peke yake. Mojawapo ilimshauri msomaji aseme ana binamu Montréal "hata kama hana", na aongeze miaka miwili ya kazi "kwa sababu hawawezi kupiga simu Afrika". Wanaweza, na hupiga. Muuzaji hatafungiwa miaka 5. Jina lake haliko kwenye fomu. Jina lililoko pale ni lako, la mkeo, na la watoto wako.

Tuseme basi umepita. Bahati ya mtende imekuangukia, ofisa amechoka, hakuuliza swali la pili. Hongera. Sasa unakwenda kuishi wapi? Tangu 1977 Quebec ina sheria ya lugha ambayo kwayo watoto wa wahamiaji husoma shule za Kifaransa. Mwanao aliyezaliwa hapa, anayezungumza Kiingereza cha Birmingham, ataingia darasa la Kifaransa. Jioni atakuletea barua ya mwalimu. Utaisoma kwa bahasha ipi? Muuguzi anayetaka kuvaa tena sare yake atadaiwa na bodi ya taaluma yake athibitishe Kifaransa chake kabla hajapewa kibali cha kudumu. Dereva wa lori atapigiwa simu ya mzigo, na anayepiga hana subira. Aliyepita kwa kukariri hakushinda chochote. Ameahirisha tu siku ya kushindwa, akaipeleka mahali ambapo hana jirani wa kumtafsiria. Amehama kutoka nchi ambayo ni mfagiaji anayejua Kiingereza, kwenda kuwa mfagiaji bubu.

Najua majibu nitakayopewa. Nimeyasikia barazani, msikitini, kanisani na kwenye foleni ya kinyozi.

La kwanza: "Wao wenyewe si waadilifu, kwa nini sisi tuwe?" Ni kweli, si waadilifu siku zote. Februari 2019 serikali ya Quebec ilitangaza kwamba itayafuta maombi yapatayo 18,000 yaliyokuwa yakisubiri, mengine kwa miaka, na Juni mwaka huo ikapitisha sheria ya kufanya hivyo. Watu waliokuwa wamejifunza lugha, wamelipa ada, wamesimamisha maisha yao, wakaambiwa waanze upya. Mtu mwenye kumbukumbu hiyo ana haki ya hasira. Lakini hasira hiyo inatufunza nini? Inatufunza tusiuze nyumba kwa ahadi ya ofisi, na tuwekeze katika kitu ambacho ofisi haiwezi kukifuta. Faili lilifutwa. Kifaransa cha aliyekuwa amejifunza kweli hakikufutwa; alibaki nacho, akaweza kubisha hodi kwingine. Aliyekuwa amekariri bahasha alibaki na karatasi.

La pili: "Hatuna muda, tunafanya kazi za usiku." Huyo aliyenisomea theluji bila kituo alipata wapi muda wa kuikariri? Kukariri kurasa kumi na sita za lugha usiyoijua ni kazi ngumu kuliko kujifunza kueleza siku yako moja ya kazi. Muda upo. Umepewa mtu asiyestahili.

La tatu: "Kifaransa ni kigumu." Hebu tuheshimiane. Wewe unayesema kitabu kizuri, mtoto mzuri, nyumba nzuri, gari zuri na ufunguo mzuri, bila kuwaza, unaniambia unatishwa na lugha yenye jinsi mbili tu za majina? Wewe uliyefunzwa shikamoo kabla hujafunzwa kutembea utashindwaje kujua lini umwambie mtu "vous"? Vigumu vipo: ile sauti ya "u" inayotaka midomo ya kupiga mluzi, zile irabu za puani, herufi za mwisho zinazoandikwa na hazitamkwi wakati sisi kwetu kila silabi hupewa haki yake. Hayo huchukua miezi. Hayachukui muujiza.

Na anayedhani lugha ya mbali haishikiki kwa mtu mzima, amkumbuke padri Mfaransa Charles Sacleux, aliyeishi pwani yetu mwishoni mwa karne ya 19. Kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ilichapwa Paris mwaka 1939 na 1941, na mpaka leo wataalamu wanaifungua kutafuta neno la Kimvita, la Kiamu, la Kitikuu. Padri huyo hakujifunza Kiswahili kwa kununua majibu ishirini. Aliwauliza wavuvi, akawauliza wapishi, akakosea, akasahihishwa, akaandika. Njia aliyoijia yeye kuja kwetu ndiyo njia hiyo hiyo sisi tutakayoendea kwao.

Basi kujiandaa kwa kweli kukoje? Si siri, na sitaki senti kwa kuisema.

Chukua maelezo ya maisha yako, yale yale uliyoyajaza kwenye fomu, na uyasimulie kwa Kifaransa kidogo kidogo. Anza na kazi. Unaamka saa ngapi, unafika vipi, unashika nini kwanza, chombo hicho kinaitwaje, kikiharibika unamwita nani, jambo gani lilikushinda mwaka jana. Maneno hamsini ya kazi yako ni bora kuliko maneno mia tano ya theluji. Kisha masomo: ulisoma wapi, somo gani lilikupendeza, kwa nini uliacha. Kila tarehe kwenye cheti lazima uweze kuisema bila kutazama. Ikiwa kuna mwaka mtupu, mwaka wa kambini, mwaka wa vita, mwaka wa ugonjwa, jifunze kuusema kwa sentensi mbili za kweli. Usiuzibe kwa kazi ya kubuni. Ofisa anajua dunia ina vita.

Jifunze kuomba msaada. "Pourriez-vous répéter, s'il vous plaît?" yaani tafadhali rudia, si aibu. Anayesema hajasikia vizuri anaonyesha kwamba huwa anasikia. Anayetikisa kichwa na kujibu swali lisiloulizwa ndiye anayejimaliza. Jifunze pia kuzunguka neno usilolijua: kama hujui kusema "breki", sema kitu kinachosimamisha gari. Hivyo ndivyo tulivyofanya sote tulipofika hapa na Kiingereza cha shule, na mpaka leo tunaishi.

Swali la "Pourquoi le Québec?" litakuja, basi lijibu kwa kichwa chako. Labda una dada Sherbrooke. Labda umeona kazi yako inahitajika. Labda umechoka kuwa muuguzi anayeshika ufagio. Sema hivyo! Hakuna jibu la bahasha lenye nguvu kama mtu mzima anayesema: nilikuwa muuguzi, nataka kuwa muuguzi tena, na lugha niliyosomea kazi hiyo ni hii ninayozungumza nanyi sasa.

Hapa ndipo nafika kwenye jambo linaloniuma kuliko bahasha zenyewe. Kifaransa kipo Saltley. Tunakikanyaga kila siku. Kipo kwa mama Mkongo anayeuza vitumbua nyumbani kwake, aliyesoma kwa Kifaransa mpaka kidato cha mwisho. Kipo kwa mzee Mrundi anayekaa peke yake mchana kutwa, aliyefundisha darasani miaka thelathini. Kipo kwa Wanyarwanda waliosoma kabla ya 2008, nchi yao ilipogeuza masomo kuwa ya Kiingereza. Watu hawa tunakutana nao kwenye misiba na harusi, tunawasalimia kwa Kiswahili, halafu pembeni tunawacheka Kiswahili chao eti kimejaa "donc" na "depuis". Tunawaita hawajui lugha, sisi tunaojua moja na nusu! Wengine wamekwisha kuona haya, wamekificha Kifaransa chao kwa sababu hapa hakiuziki, na watoto wao hawakipati. Kisha jirani wa nyumba ya tatu anatoa fedha kununua karatasi ya mtu asiyeweza kutamka "bonjour" sawasawa.

Tuliposhangilia Kongo kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, tulishangilia soko lake na barabara zake. Na watu wake je? Hata neno letu la divai tulilichukua kwao wenye Kifaransa, tukalifanya letu, hatukudhurika.

Pendekezo langu ni dogo. Jumamosi moja kwa wiki, saa mbili, sebule yoyote yenye meza na birika. Wenye Kifaransa wakae upande mmoja, wanaokitaka upande wa pili, na kwa saa nzima ya kwanza Kiswahili na Kiingereza vibaki mlangoni pamoja na viatu. Kila mtu aulizwe habari za kazi yake, siyo za theluji. Saa ya pili wenye Kifaransa nao wasaidiwe wanachokitaka: fomu za Kiingereza, mtihani wa nadharia wa udereva, barua za shule. Na mama yule alipwe. Nasema alipwe! Fedha iliyokuwa iende kwa mwenye fotokopi iende kwake, aliyebeba lugha hiyo kutoka Uvira au Bukavu kupitia kambi mbili bila kuiangusha.

Mtaa wetu huu una historia ya lango. Februari 1972 wachimba makaa waliogoma walijaribu siku kadhaa kulizuia lango la bohari ya makaa ya Saltley, na polisi wakawa wanalifungua kila siku malori yapite. Tarehe 10 maelfu ya wafanyakazi wa viwanda vya Birmingham waliweka zana chini, wakaandamana kuja kusimama nao, na mkuu wa polisi akaamuru lango lifungwe. Wao walitaka kufunga, sisi tunataka kufunguliwa. Lakini siku hizo zilionyesha kwamba wachache waliosukumana na lango peke yao hawakulitikisa. Lilitikisika majirani walipokuja.

Kwenu wauzaji wa bahasha, mnajijua na tunawajua. Mnanunua nyama duka lile lile tunalonunua sisi. Sina nia ya kuwataja majina, na sitawapeleka popote. Nawaomba jambo moja: mteja wenu ajaye, kabla hamjapokea fedha yake, muulizeni kwa Kifaransa anafanya kazi gani, na mumngoje ajibu. Mkiweza wenyewe kulielewa jibu, mfundisheni, na mlipwe kwa haki. Msipoweza, mrudishieni fedha yake, na mje Jumamosi. Nafasi mezani ipo, na chai itakuwa ya tangawizi.